Doa la Juu Kushoto

Murtaza wa Barabara ya Nkrumah ameniambia ningoje.
"Baada ya Idi inaingia mpya," asema, akifuta kaunta
isiyo na vumbi. "Hii itashuka bei. Ya nini uumie?"
Muuza duka akikwambia usinunue, unamwamini,
au ndipo hasa pa kumshuku? Sijui.
Nimesimama na pochi yangu kama mtu aliyeingia kuulizia njia.

Laki moja na elfu thelathini, mwili mtupu.
Ndivyo waiitavyo kamera isiyo na lenzi,
mwili mtupu, kana kwamba yangoja kuoshwa.
Zamu yangu ya chama ilikuwa elfu themanini.
Nyingine ziko kwa Bi Thureya, ambaye harusi ya bintiye
niliipiga mwezi wa Rajabu,
na hadi leo ananilipa salamu tu.

Ya zamani nimekaa nayo mwaka wa tisa.
Kitufe chake kimelainika kama punje ya tasbihi.
Ina doa ndani, mahali kitambaa hakifiki,
juu kushoto, dogo kama ufuta,
na kila picha hutoka nalo.
Basi nimejifunza kulificha.
Nalitupa kwenye nywele, kwenye pazia la zari,
kwenye kikuba kifuani,
kwenye piko ya mkono ulioinuliwa.
Biharusi hajui kwamba nikimwambia
"inamisha shingo kidogo, mamangu,"
si kwa ajili ya urembo wake.

Usiku wa kupamba wanaume hawaingii.
Mlangoni simu zilikuwa zikikusanywa katika beseni,
zimezimwa, zimelaliana kama dagaa,
na ukumbi mzima, wanawake mia tatu na mabuibui yao viti vya nyuma,
jicho lilikuwa moja tu, langu.
Juzi Tudor nimelikuta beseni limetiwa barafu na soda.
"Aa, siku hizi tumewaachia," akasema mwenye shughuli.
Msichana mmoja, Zamzam, akanionyesha aliyoipiga yeye.
Angavu. Safi hadi pembeni.
Aliipiga kwa mkono mmoja, mwingine una sambusa.

Subira huvuta heri, alikuwa akisema mamangu.
Ngoja ngoja huumiza matumbo, alisema mamangu huyo huyo,
siku nyingine, kwa jambo jingine.
Methali zetu ni mashahidi wa kesi ya kiwanja:
kila upande una wake, na wote wameshaapa.

Murtaza akaniwekea mpya mkononi. "Kushika si kununua."
Nikasogea mlangoni, nikapiga:
mkokoteni wa maji, mitungi ya manjano,
mgongo wa kanjo, bango la mgombea
lililochanika palepale mdomoni.
Nikatazama juu kushoto.
Anga. Anga ya saa saba, nyeupe, haina kitu.
Nikaikodolea macho kama aliyeondolewa fanicha chumbani.
Miaka minne nimepiga furaha za watu
nikiikwepa pembe moja ya dunia,
na nilidhani huo ndio ufundi.

Labda ndio. Sina hakika kama mpya
itanifanya mpiga picha au mwenye kamera.

"Niifute?" akauliza Murtaza.
Iache, nikasema. Akacheka, akaiacha:
mkokoteni wangu umebaki ndani ya kamera ya mtu mwingine,
yeyote atakayetangulia.
Nikanunua betri, isiyo ya kampuni, elfu moja na mia mbili.
Risiti nikaiomba, sijui ya kumwonyesha nani.

Jumamosi nina harusi Bondeni. Baada ya Idi, saba,
na ni wakati ule ule ambao bei itashuka, au haitashuka.
Nimempigia Bi Thureya. Hakushika.
Sasa ni usiku, Kibokoni, umeme umerudi.
Betri mbili nimezichomeka pamoja, ya jana na ya leo.
Moja inajaa.
Nyingine inasema imejaa.